Umeme wa kijito nyumbani: mtambo ununue mwisho

Vilima vya Njombe vimejaa vijito. Kila bonde lina chake, na kila mwenye shamba la parachichi au viazi kando ya maji ameshawahi kujiuliza: haya maji yanayoporomoka usiku na mchana, hayawezi kuniwashia taa? Yanaweza. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanzia mwisho. Mimi nilianza kwa kununua mtambo wa kuzalisha umeme. Ubavuni uliandikwa kilowati 3, nikaufunga kwenye bodaboda hadi nyumbani, nikawa mtu wa furaha kwa siku nne hivi. Kisha nikasoma maandishi madogo chini ya lebo: unataka maji lita 20 kwa sekunde, yashuke mita 30. Kijito chetu mwezi wa kumi hakifikishi hata lita 13. Mtambo ukaenda stoo.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya. Nitatumia vipimo vya kijito chetu tangu mwanzo hadi mwisho ili uone hesabu inavyotembea. Wewe weka vyako.

Pima maji kiangazi, tena mwishoni mwa kiangazi

Nyanda za juu kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Kijito huwa chembamba kuliko wakati wowote Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Hapo ndipo pa kukipima. Ukikipima Machi utapata namba tamu, na taa zitakuzimikia Septemba.

Kama kijito ni kidogo sana, elekeza maji yote kwenye kipande cha bomba na ukinge kwa ndoo ya lita 20 huku mtu ameshika saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8, una lita 2.5 kwa sekunde. Rudia mara tano, chukua wastani. Maji yakiwa mengi kuliko hapo ndoo hujaa kabla hujabonyeza saa, na njia bora ni ubao wa V.

Chukua ubao mpana kuliko kijito. Katikati yake, juu, kata umbo la V lenye pembe mraba kamili, yaani nyuzi 90, ncha ikiwa chini. Chonga kingo za V ziwe kali upande unaotazama maji yanakotoka. Simamisha ubao ukate kijito chote, ziba pembeni na chini kwa karatasi ya nailoni na udongo wa mfinyanzi hadi tone lisipite kwingine. Maji yanayotoka kwenye V lazima yaanguke hewani. Yakizama kwenye dimbwi la upande wa chini, kipimo ni batili. Kisha hesabu kama mita moja kutoka kwenye ubao kuelekea maji yanakotoka, pale yaliyotulia, pigilia kigingi ambacho kichwa chake kiko usawa mmoja na ncha ya V. Tumia pimamaji, usikadirie kwa jicho. Sasa pima kina cha maji juu ya kichwa cha kigingi.

Kina cha sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 12 ni karibu lita 6.9. Sentimita 15 ni lita 12, na sentimita 20 ni karibu lita 25. Ona jinsi namba inavyoruka: kukosea sentimita mbili ni kukosea theluthi ya umeme wako. Kijito chetu kilisoma 15 barabara. Niliuacha ubao pale wiki tatu na kuusoma kila asubuhi, maana kuna jirani wa juu anayemwagilia siku za Jumanne na Ijumaa, na siku hizo kinashuka hadi 14.

Kimo

Kimo ni urefu wa wima kutoka pale maji yatakapoingia bombani hadi pale mtambo utakapokaa. Urefu wa mteremko ni jambo jingine, wengi huvichanganya. Altimeta ya simu usiitumie kabisa, inaweza kukosea mita kumi na isijali.

Njia ya mafundi ujenzi inatosha: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji bila mapovu, watu wawili, fimbo ya mita 2 yenye alama. Mmoja anashika mwanzo wa mpira juu, mwingine anashuka na fimbo hadi usawa wa maji ufikie kichwa cha fimbo. Weka alama, hama, rudia, andika kila hatua. Ukiwa na mpira mrefu wa bustani wa kutosha kufika chini, kuna njia ya haraka zaidi: ujaze maji kutoka juu, funga geji ya presha mwisho wa chini, soma. Kila baa moja ya presha ni mita 10.2 za kimo. Sisi tulipata baa 2.75, tukasema mita 28.

Hesabu ya haraka: zidisha kimo kwa mita, mara lita kwa sekunde, mara 5. Jibu ni wati. Hiyo 5 inatokana na mvuto wa dunia, 9.81, ukikatwa karibu nusu kwa upotevu wa mtambo mdogo na jenereta yake. Muuzaji akikuhesabia kwa 8 au 9, mwambie akuonyeshe mtambo wa ukubwa wako unaofanya hivyo.

Chukua nusu

Sikuchukua lita zote 12. Nilichukua 6. Hapa kuna sababu ya kisheria na sababu ya akili. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde lako. Njombe maji mengine yanakwenda bonde la Rufiji na mengine Ziwa Nyasa, kwa hiyo uliza kwanza uko upande gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, hivyo ujenzi wowote pale usianze kabla ya kuzungumza na ofisi ya kata na jumuiya ya watumia maji. Kwa wasomaji wa Kenya, kibali kinatoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Sababu ya akili: kati ya banio (ukuta mdogo wa kukinga maji kule juu) na mtambo kuna kipande cha kijito unachokinyima maji, na kina wenyewe. Vyura wa maporomoko ya Kihansi, hapa Tanzania, tunawajua. Mtambo wa umeme wa Kihansi ulipoanza kuchukua maji, mvuke wa maporomoko ukapungua, na kufikia 2009 vyura wale wadogo walitangazwa kutoweka porini. Ikabidi waliofugwa Marekani warudishwe kuanzia 2012. Kijito chako hakina umaarufu huo, lakini kina jirani wa chini anayechota. Mzee wa shamba la chini yetu aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, haya maji yanarudi?" Yanarudi yote, chini ya mtambo. Nilimpeleka nikamwonyesha kwa kidole yatakapotokea. Fanya hivyo kabla hujachimba, maana ukishachimba yatakuwa mazungumzo ya kwenye baraza la kata.

Banio: hapa ndipo utakapoteseka au utakapopona

Nikiulizwa mitambo midogo hufa na nini, nitajibu majani na mchanga. Turbini yenyewe ni kipande cha chuma kinachozunguka, haina cha kuharibika sana. Kinachoua ni uchafu wa juu na uvivu wa kupanda kwenda kuusafisha saa nne usiku mvua inanyesha.

Usijenge bwawa. Banio la kimo cha goti linatosha: ukuta mdogo wa mawe na zege uliokaa juu ya mwamba, ukikata kijito, na sehemu ya katikati iliyoshuka kidogo ili mafuriko yapite juu yake. Kwenye ukuta acha tundu la bomba la inchi 4 chini kabisa, lenye kizibo, la kufungulia matope.

Chujio la kawaida, lile la nondo zilizosimama kama dirisha, huziba kwa sindano za paini ndani ya saa sita. Nilijaribu. Kinachofanya kazi ni bati lenye matundu, lililolazwa kwa mteremko wa nyuzi 45 hivi, maji yakilimwagikia kutoka juu. Maji yanadondoka ndani ya tundu, majani yanateleza na kuendelea na safari na maji ya ziada. Ukubwa wa tundu usizidi nusu ya tundu la nozeli yako ya chini, yaani mdomo mwembamba unaorusha maji kwenye turbini. Nozeli zangu ni milimita 13, matundu ya bati ni 5.

Chini ya chujio weka tangi la kutulizia mchanga. Langu ni la matofali, ndani lina urefu wa mita 2, upana sentimita 80, na kina cha maji sentimita 80. Lita 6 kwa sekunde zikipita humo hutembea sentimita moja tu kwa sekunde, kwa hiyo mchanga unapata nafasi ya kukaa chini. Mdomo wa bomba uuweke sentimita 30 au zaidi chini ya uso wa maji na sentimita 20 juu ya sakafu. Ukiwa juu mno utavuta hewa kwa kizunguzungu. Ukiwa chini mno utavuta mchanga ambao utasaga vikombe vya turbini kama msasa.

Bomba ndilo linalokula pesa

Kwetu bomba lina mita 140, na lilikula pesa kuliko vitu vingine vyote vikiunganishwa. Kishawishi ni kununua jembamba. Kabla hujakubali, tazama lita 6 zile zile, kwenye mita 140 zile zile za bomba la HDPE (plastiki ngumu), zinapoteza kimo kiasi gani kwa msuguano tu:

- bomba la milimita 63: karibu mita 11
- la milimita 75: karibu mita 5
- la milimita 90: karibu mita 2
- la milimita 110: chini ya mita 1

Ukinunua la 63 umetupa karibu sehemu mbili kati ya tano za kimo chako, nacho ndicho ulichopanda kilima kukitafuta. Kutoka 90 kwenda 110 unaongeza mita moja na ushee kwa gharama kubwa. Nilisimama kwenye 90. Kimo kilichobaki: mita 26. Hesabu: 26 × 6 × 5 = wati 780.

Wati 780 zinasikika kidogo hadi ukumbuke hazilali. Kwa siku ni karibu uniti 18.7, kwa mwezi zaidi ya 550. Nyumba nyingi za vijijini zenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) zinajitahidi zisivuke uniti 75 kwa mwezi. Ili sola ikupe hivyo Julai, kwa ukungu wa Njombe, ungehitaji paneli za kujaza paa na betri za kujaza chumba.

Presha ya baa 2.75 inabebwa vizuri na bomba la daraja la PN6, yaani la kuhimili baa 6. Lizike. Jua hulizeesha, jembe hulitoboa, ng'ombe hulikanyaga, na adui mkubwa ni moto wa Septemba watu wanapoandaa mashamba. Kila linapokata kona weka kitalu cha zege kulishika. Lishuke mfululizo, likipanda kidogo njiani, hewa itakaa kwenye kilima kile na kubana maji. Mara tu baada ya tangi, simamisha kabomba kembamba ka kupumulia, juu kuliko usawa wa maji, ili ukifunga valvu ya juu bomba lisijifyonze na kubonyea. Valvu ya chini iwe ya kuzungusha, ile inayofunga taratibu. Valvu ya mkono mmoja inayofunga kwa robo mzunguko ni hatari: safu ya maji ya mita 140 ikisimamishwa ghafla hupiga kama nyundo.

Sasa nunua mtambo

Kwa kimo cha mita 20 kwenda juu na maji machache, gurudumu la vikombe la aina ya Pelton ndilo rahisi. Lester Pelton alilisajili Marekani mwaka 1880, na umbo la kikombe chenye mgawanyo katikati halijabadilika sana. Kwa kimo kifupi na maji mengi utahitaji aina nyingine, kama ile ya maji kupita katikati ya ngoma yenye mapanga, ambayo mafundi chuma wazuri huweza kuichomelea. Chini ya mita 3 au 4, kwa nyumba moja, mimi ningefikiria mara mbili.

Vipimo vyangu vilitoka hivi. Kwa kimo cha mita 26, maji hutoka kwenye nozeli kwa mita 22 kwa sekunde. Vikombe vinatakiwa kukimbia chini kidogo ya nusu ya hapo, mita 10. Jenereta inataka mizunguko kama 1,550 kwa dakika. Gurudumu linalotimiza hayo lina kipenyo cha milimita 125 hivi, kupimwa katikati ya vikombe, na lita 6 zikigawanywa kwenye nozeli mbili, kila moja inatoka na tundu la milimita 13 hadi 14. Mpelekee muuzaji au fundi namba hizi tatu: kimo halisi, lita kwa sekunde, mizunguko. Asiyezihitaji usimnunulie.

Jenereta yangu ni mota ya kawaida ya mashine, ya fezi tatu, kilowati 1.5, iliyogeuzwa kwa kuongezewa kapasita ili itoe fezi moja. Uzuri wake ni kwamba ukiizidishia mzigo inakata tamaa, voltiji inaanguka, hakuna kinachoungua. Kapasita ziwe za kufanya kazi muda wote, siyo zile za kuwashia mota tu. Fundi azingatie mwelekeo wa kuzunguka, na ajue kapasita hubaki na umeme hata mtambo ukisimama. Mota ikigoma kuzalisha baada ya kukaa muda mrefu, igusishe betri ya volti 12 kwa sekunde chache ikiwa imesimama, sumaku itaamka.

Kidhibiti mzigo, na waya wa kwenda nyumbani

Jambo ambalo halina mjadala: usiendeshe mtambo bila kidhibiti mzigo. Maji hayajui kwamba umezima televisheni. Mzigo ukipungua, gurudumu linakimbia, likiachiwa kabisa linaweza kufika karibu mara 1.8 ya kasi yake, na voltiji inapanda hadi friji inatoa moshi. Kidhibiti kinahakikisha jenereta inaona mzigo ule ule daima: usichotumia kinapelekwa kwenye hita. Hita hizo ziwe na uwezo unaozidi mtambo kwa asilimia 20 hivi. Zangu ziko kwenye pipa la maji ya kuoga, na kwa baridi ya Juni Njombe, hiyo peke yake ingetosha kunishawishi.

Safirisha umeme kwa volti 230. Kutoka mtamboni hadi kwetu ni mita 180, na wati 780 ni ampea 3.4 tu. Waya wa shaba wa milimita mraba 4 unapoteza volti 6 hivi. Ningesafirisha kwa volti 24 zingekuwa ampea 32, na waya ule ungezila zote. Weka sakiti breka pande zote mbili, swichi ya kukata umeme unapovuja, waya wa ethi uliozikwa vizuri, na kinga ya radi, maana radi za huku mnazijua. Kama una TANESCO pia, pitisha vyote kwenye chenjiova ya kuchagua chanzo kimoja. Ukirudisha umeme wako kwenye laini yao unaweza kumuua fundi aliyepanda nguzo akijua imezimwa.

Ndani ya nyumba: taa, televisheni, chaji, friji ndogo, hata mashine ya kunyolea. Pasi ya wati 1,000 sahau, au inunue ndogo.

Siku ya kwanza

Fungua maji ya juu kidogo kidogo huku valvu ya chini ikiwa wazi nusu, hewa itoke kwa kukohoa. Ikitulia, funga chini taratibu, acha bomba lilale na presha usiku kucha, asubuhi litembelee lote ukitafuta udongo uliolowa. Kisha unganisha hita na kidhibiti, fungua nozeli moja, tazama voltiji ikipanda, ongeza ya pili. Nyumba iunganishwe mwisho.

Geji ya presha karibu na nozeli iache hapo moja kwa moja, ni daktari. Kwetu ikifungwa inasoma 2.75, mtambo ukizunguka inasoma 2.55. Umeme ukipungua na geji ikashuka, maji hayafiki: panda juu, chujio limeziba au kijito kimepungua. Umeme ukipungua na geji ikapanda, nozeli ina kijiti. Tangi la mchanga hufunguliwa kila wiki wakati wa masika, kiangazi kila mwezi. Bearingi zitie grisi, na zikianza kuimba zibadilishe kabla hazijala shafti.

Ule mtambo wa kilowati 3 bado uko stoo, umefunikwa gunia. Mwenye lita 20 za Oktoba na mita 30 za wima aje tuzungumze, ila aje na ubao wake wa V.